Kodi ya miezi sita inatumalizia mtaji

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nichangie ubishi ambao hapa soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, hauishi: kati ya Nairobi na Dar es Salaam, wapi nyumba ni ghali zaidi? Vijana wanaopakia dagaa kwenye malori ya kwenda Sirari wanasema Nairobi, na bei wanazitaja. Madereva wanaoshuka pwani wanasema Dar. Mimi ni mama mfanyabiashara wa dagaa. Nimepanga Nairobi, nimepanga Dar, nimeishi kote kwa kuhangaikia kodi kama mwenyeji, na sasa nimerudi kwetu Mwanza. Jibu ninalo, na linatugusa sisi wa huku ziwani kuliko linavyowagusa wao.

Nairobi nilifuata wanunuzi. Dagaa wetu wengi wanaovuka mpaka wanaishia kwenye chakula cha kuku na nguruwe, na ukitaka kulipwa kwa wakati lazima uwe karibu na anayekulipa. Nikapanga Umoja: chumba kimoja cha kulala, sebule, jiko na choo, ghorofa ya nne, lifti hakuna. Kodi ilikuwa shilingi 15,000 za Kenya kwa mwezi. Nikihesabu shilingi moja ya Kenya kwa takriban 20 za kwetu, hiyo ni Sh300,000. Siku ya kuingia nililipa kodi ya mwezi mmoja na dipoziti ya mwezi mmoja, jumla Sh600,000 za kwetu. Msimamizi wa ploti akanipa risiti na funguo. Kuanzia hapo nikawa natuma kodi kwa simu kabla ya tarehe 5 ya kila mwezi, na hakuna aliyeniuliza habari za mwaka ujao.

Siisifii Nairobi. Maji ya bomba kule kwa sehemu kubwa yanatoka bwawa la Ndakaini, na mtaani kwetu yalikuja kwa mgao. Yasipokuja unapandisha madumu ghorofa nne kwa mgongo wako au unamlipa kijana akupandishie. Maji ya kisima yana chumvi, unafua sabuni haitoi povu. Kamba za nguo ziko juu ya paa na zinagombewa. Wenzangu waliopanga Pipeline walikuwa na hali mbaya zaidi, maana ghorofa za kule zimesongamana kiasi kwamba saa sita mchana mtu anawasha taa ili achambue mchele. Na mwenye nyumba wa Nairobi hana subira hata kidogo. Tarehe 10 ikifika hujalipa, unakuta kufuli juu ya kufuli lako. Jirani yangu, mama wa watoto wawili, alilala kwa dada yake siku kadhaa huku vyombo na daftari za watoto viko ndani. Kenya ina sheria ya kudhibiti kodi na baraza la kusikiliza migogoro, lakini inalinda nyumba za kodi isiyozidi shilingi 2,500 zao kwa mwezi. Kwa bei za leo, mpangaji wa Umoja sheria hiyo haimfikii.

Dar nilipanga Tabata, ili niwe karibu na Buguruni ninakouzia. Nyumba ilikuwa ya chini, ndani ya fensi: chumba, sebule, jiko, choo cha ndani, na uwani kuna mwembe. Kodi Sh200,000 kwa mwezi. Ukilinganisha bei ya mwezi peke yake, Dar imepungua kwa theluthi nzima, na bado nimepata uwanja wa watoto kukimbia na mahali pa kuanika. Niliinjika jiko la mkaa nje bila kumkera jirani wa juu, maana juu hapakuwa na jirani. Kwa mtu mwenye familia, hilo nalo ni sehemu ya anacholipia, na Nairobi hulipati kwa bei hiyo.

Lakini ngoja nikueleze siku ya kuingia. Mwenye nyumba alitaka miezi sita, Sh1,200,000, mkononi. Dalali akataka kodi ya mwezi mmoja, Sh200,000, na kabla ya hapo nilikwishalipa hela ya kuonyeshwa vyumba ambavyo vingine vilikuwa vimepata watu tangu juzi yake. Kwa hiyo Sh1,400,000 zilitoka kabla sijanunua hata ndoo. Nyumba ya Sh200,000 ilinidai mlangoni zaidi ya mara mbili ya ile ya Sh300,000.

Nimepiga hesabu ya mwaka mzima, kwa sababu sitaki kupotosha mtu. Nairobi, kodi ya mwaka ni Sh3,600,000, ukiacha dipoziti ambayo ukiondoka vizuri unarudishiwa. Dar ni Sh2,400,000, na ya dalali inakuwa Sh2,600,000. Dar ina nafuu ya milioni moja. Kwa mwajiriwa ambaye kampuni inamkopesha kodi na kumkata kwenye mshahara, ubishi umeisha, aende Dar. Sisi wengine ambao tunaishi kwa kuzungusha fedha tuna hesabu nyingine, na hii ndiyo sababu ya barua yangu.

Dagaa huvuliwa kwa taa, usiku wa giza. Mwezi ukiwa mweupe, mitumbwi inapumzika na wavuvi wanashona nyavu. Giza likiingia, mzigo unafurika kutoka visiwani, bei inashuka, na mwenye fedha mkononi siku hizo ndiye atakayekula mwezi mzima unaofuata. Asiye nazo anasimama pembeni anatazama. Halafu kuna mvua: dagaa wakilowa mchangani wanaharibika, wanauzwa kwa bei ya kutupa, na anayeweza kuvumilia hasara hiyo ni yule aliyebakiwa na kitu cha kununulia mzigo mwingine. Sasa fikiria kodi ya miezi sita inakudai wiki ya giza. Unachukua fedha ya gunia za dagaa unampa mwenye nyumba, na msimu unapita. Hiyo milioni niliyookoa kwa kukaa Dar niliipoteza mara ngapi kwa kukosa mzigo wa bei nzuri! Nairobi kodi ilikuwa kubwa, lakini mtaji wangu ulikuwa mikononi mwangu, na kila mwezi kodi ilitoka kwenye faida.

Hakuna biashara ndogo ambayo haina jambo la namna hii. Mama lishe ana wiki zake za mishahara, muuza mitumba ana mabelo yake, fundi cherehani ana Krismasi na Idi. Kodi ya miezi sita haijali lolote kati ya hayo. Na wengi hawana hiyo fedha, kwa hiyo wanakwenda kukopa. Mwenye bahati anakopa kikoba. Asiye na kikoba anakwenda kwa kausha damu, anaacha kadi ya benki au hati ya kiwanja, na anarejesha kwa riba inayohesabiwa kwa wiki. Ukijumlisha riba hiyo, chumba cha Sh100,000 kinakuwa kimekugharimu zaidi ya hapo, ila mwenye nyumba hajaiona senti ya ziada. Imeliwa na mkopeshaji. Mpangaji ameumia, mwenye nyumba hajafaidika, na kila anayetuuliza gharama za nyumba tunamtajia Sh100,000.

Tukubaliane pia kwamba huo ni mkopo. Anayelipa miezi sita mbele amemkopesha mwenye nyumba bila riba. Mtu wa mshahara mdogo anamkopesha mtu mwenye nyumba! Naelewa kwa nini wenye nyumba wanaupenda, na sitaki waonekane watu wabaya, kwa sababu wengi ni wastaafu na wajane waliojenga kwa tofali moja moja. Benki inataka dhamana na riba ambayo mzee wa pensheni haiwezi, kwa hiyo kodi ya miezi sita ndiyo inayomnunulia bati za chumba kinachofuata. Na wana hofu ya kweli ya mpangaji anayehama usiku akiacha bili ya maji na madirisha yamevunjika. Hofu hiyo dawa yake ni dipoziti ya mwezi mmoja au miwili, kama Nairobi. Miezi sita ni kubwa kuliko ugonjwa wenyewe.

Kuna jambo moja Dar imeishinda Nairobi ambalo vijana wa Mwaloni hawalitaji. Nairobi niliishi na watu wenye kazi nzuri, wamekaa mjini tangu ujana, na bado wanapanga, wanasubiri kustaafu warudi kijijini. Kiwanja cha mjini hawakigusi. Dar, muuza chipsi anaweza kukuambia ana msingi Chanika, au Kibaha, au Kigamboni ndani ndani huko. Ardhi yetu ni ya umma chini ya udhamini wa Rais, na hati inatolewa kwa miaka 33, 66 au 99, lakini mtu wa kawaida bado anaweza kupata kipande akajenga polepole, chumba kimoja kikipata bati anahamia. Gharama yake anailipa kwa muda: anaamka saa kumi usiku ili afike Kariakoo. Mabasi ya mwendokasi, tangu yalipoanza mwaka 2016, yamewasaidia wa barabara ya Morogoro, na vyumba vya karibu na vituo navyo vikapanda. Hata hivyo nampa Dar haki yake. Pale mtu ana njia ya kutoka kwenye kupanga.

Sasa nije kwetu. Watu wanaohamia Mwanza wanaambiwa huku ni rahisi. Nyegezi chumba masta, yaani chenye choo chake ndani, utaambiwa Sh70,000 au Sh80,000. Buswelu au Kiseke chumba na sebule vyenye choo ndani ni Sh120,000 mpaka Sh150,000. Nyumba ya vyumba viwili ndani ya fensi inakaribia ile niliyokuwa nayo Tabata. Nimetembezwa na madalali hivi karibuni nikimtafutia binti wa kaka yangu, kwa hiyo nasema nilichoambiwa mlangoni. Na kila mahali ni miezi sita. Karibu na vyuo, kule Malimbe, wengine wanataka mwaka mzima wa masomo, na mtoto wa mkulima wa pamba wa Kwimba analipia hata miezi ya likizo ambayo hatakuwapo. Madalali nao wameiga Dar yote: mwezi mmoja, na hela ya kuonyeshwa.

Ninachouliza ni kile tunachopewa kwa fedha hiyo. Nimeonyeshwa vyumba vimepigwa jipsamu na tailizi zinang'aa, madirisha ya aluminiamu, na bomba halijatoa maji tangu asubuhi ya juzi. Mwenye nyumba anapandisha kodi kwa jipsamu, mpangaji anaingia, kisha anaanza kununua maji ya dumu akiwa analiona ziwa dirishani. Mradi wa maji wa Butimba, wenye uwezo wa kuzalisha lita milioni 48 kwa siku, umesaidia upande wetu wa Nyegezi na Buhongwa, hilo naliona kwa macho yangu. Lakini kuzalisha ni jambo moja na kufikisha mlimani ni jingine.

Na mlima ndio Mwanza yenyewe. Igogo, Mabatini, Isamilo ya nyuma, watu wamejenga juu ya majabali, na kadiri unavyopanda ndivyo kodi inavyoshuka. Chumba cha juu kabisa unakipata kwa Sh25,000. Mgeni anaona nafuu. Mwenyeji anajua kwamba maji yakikosa nguvu ya kupanda atabeba ndoo kwenye ngazi za mawe, mvua ikinyesha mawe yanateleza, mama akishikwa na uchungu usiku atashushwa kwa kiti, na gari la kunyonya choo halifiki. Choo hakichimbiki kwenye jiwe. Yale mabomba ya majitaka yaliyoshushwa kutoka milimani katika baadhi ya mitaa ya Igogo na Mabatini yamebadilisha maisha ya waliounganishwa, na ningependa halmashauri iyafikishe kila mlima kabla haijafikiria taa zaidi za mapambo mjini. Mpangaji wa juu analipa kodi ndogo na anamalizia kwa magoti yake. Nilimuuguza mama mmoja wa Mabatini, muuza maandazi, aliyeteguka akishuka na beseni. Kodi yake ilikuwa ndogo, na wiki alizolala ndani hakuuza hata andazi moja.

Kuna dogo jingine ambalo nalitaja kwa sababu watu hawalifuatilii. Tangu mwaka 2021 kodi ya jengo inakatwa kwenye LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla. Ilianza Sh1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, sasa ni Sh1,500. Kisheria ni mzigo wa mwenye jengo, lakini anayenunua umeme ni mpangaji, kwa hiyo ndiye anayekatwa. Kwa mwaka ni Sh18,000. Una haki ya kumwomba mwenye nyumba akupunguzie kwenye kodi, na nilipomwomba wa kwangu kwa heshima alikubali. Ombeni, na mtunze zile meseji za LUKU.

Wapo watakaosema mambo ya kodi ni makubaliano ya watu wawili, serikali isiingie. Tulikuwa na Sheria ya Udhibiti wa Kodi za Nyumba ya mwaka 1984, na ikafutwa mwaka 2005. Siombi irudi kama ilivyokuwa. Kupanga bei kwa amri kunamfanya mwenye nyumba aache kupaka hata rangi. Bei waachiwe wao na soko. Ninachoomba ni kipindi cha malipo, kwa sababu hapo makubaliano ya watu wawili hayapo. Mtu aliyesimama barabarani na vitanda vyake kwenye Canter hana nguvu ya kubishana na mwenye funguo. Viongozi wamelikemea jambo hili majukwaani mara nyingi, tumepiga makofi, na kesho yake dalali anakwambia miezi sita.

Siongei kwa kubahatisha. Nina vyumba viwili vya kupangisha Buhongwa, nilivyovijenga kwa fedha ya dagaa. Nimeamua kupokea kodi ya mwezi kwa mwezi, na dipoziti ya mwezi mmoja, kwa mkataba wa karatasi wenye muhuri wa serikali ya mtaa. Majirani walinionya kwamba nitaibiwa. Mpangaji mmoja alihama akiwa na deni la mwezi na bili ya maji. Dipoziti ikafunika kodi, na bili nikailipa mimi kwa kuwa ilikuwa ndogo. Hasara yangu yote ndiyo hiyo. Chumba hakikukaa wazi hata wiki mbili, kwa sababu wanaoweza kulipa mwezi mmoja ni wengi kuliko wanaoweza kulipa sita. Aliyepo sasa ni kijana bodaboda, analipa kwa simu kila tarehe mosi, na hajanichelewesha. Wenye nyumba wenzangu wa Mwanza, nawaomba mjaribu kwa chumba kimoja tu, mwone.

Nawaomba pia wabunge wetu wa Nyamagana na Ilemela wasisubiri. Daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa Juni 2025, na ng'ambo ya Sengerema imekuwa jirani. Reli ya kisasa ya kutoka Isaka inakuja. Watu watahamia, na tayari viwanja vya Usagara vinatajwa kwa bei ambayo wenyeji wanaguna. Wapeleke bungeni kifungu kifupi: kodi ya makazi idaiwe mwezi kwa mwezi, dipoziti isizidi miezi miwili na irudishwe, na dalali alipwe na aliyemtuma. Halmashauri zetu mbili, wakati zinasubiri sheria hiyo, zinaweza kutengeneza mkataba mmoja wa mfano kwa Kiswahili chepesi na kuugawa kwenye ofisi zote za mitaa, ili mama anayetafuta chumba Mkolani kesho awe na karatasi ya kumwonyesha mwenye nyumba.

Wako mtiifu,
Mfanyabiashara wa dagaa,
Mwaloni, Kirumba,
Mwanza